Gunia Lililodondosha Maji

Mwamba alikuwa na ulimi. Hilo hata waliomchukia walimkubalia. Pale bandarini Kashikishi, ukikuta mtu ana jina la utani, ujue alipewa na Mwamba, bure, bila kuomba, na jina likishabandikwa na Mwamba halibanduki. Chibwe, fundi wa mitumbwi, mwaka juzi alionekana asubuhi ya tarehe kumi na nne Februari akimpelekea mkewe ua jekundu. Ua moja tu. Mwamba alimwona, akaita wanaume wote waje washuhudie, na tangu siku hiyo Chibwe anaitwa Bwana Rozi. Hata kwenye mazishi ya mama yake, aliyesoma orodha ya wafiwa alimtaja Bwana Rozi, na watu wakainama kuficha meno.

Kwa hiyo Jumatano ile, mkewe Angèle alipomwambia anachotaka, Mwamba aliona dunia imemgeukia.

Alikuwa ameketi uani anashona wavu ambao haukuwa na haraka yoyote. Ziwa lilikuwa limefungwa tangu Desemba ili samaki wazaane, na halifunguliwi mpaka Februari iishe. Katika miezi hiyo wanaume wa wilaya ya Nchelenge hawana kazi ila kushona nyavu na kusengenyana. Angèle alikuwa kwenye mbabula, jiko lake la makaa, anakaanga vitumbua vya kuuza.

"Papa Sagesse," alisema, bila kuinua macho. Sagesse ni mtoto wao wa kwanza, yuko Lubumbashi na familia yake mwenyewe. "Siku ya posho kwiko feti ya bandoa ku kanisa. Saint-Valentin."

"Nilisikia." Posho kwao ni Jumamosi, nayo ilikuwa sikukuu ya wapendanao.

"Tutaenda."

"Utaenda," Mwamba alimsahihisha. "Miye siko mutoto wa masomo."

Angèle aliopoa vitumbua vyote kwanza, ndipo akamgeukia.

"Mwaka jana nilienda peke yangu. Unajua balinikalisha fasi gani? Na bajane. Ku benchi ya karibu na mulango. Stéphanie na bwana yake banakaa ku meza, miye niko na bajane. Na chakula ilipokuya, bajane njo balitumwa kugawa basahani. Nikagawa basahani, papa Sagesse. Bwana yangu iko muzima, iko analala ku nyumba, na miye niko nagawa basahani."

"Bajane ni batu bazuri."

"Bazuri sana. Balinipa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya weye."

Mwamba alivuta uzi ukakatika. Angèle hakuwa amemaliza.

"Naomba bintu bibili tu. Ya kwanza, unipe ua mbele ya batu, vile babwana bengine banafanya. Ya pili, tutoke hapa pamoja, tutembee bote bawili. Haina weye kule mbele sawa unakimbia mvua, na miye nyuma na kitunga."

Ombi la pili ndilo lililomchoma. Kwa miaka ishirini na minane ya ndoa Mwamba alikuwa ametembea hatua ishirini mbele ya mkewe. Baba yake alitembea hivyo kule Pweto, ng'ambo ya ziwa walikotoka, na babu yake pia. Wazee walisema mwanamume hutangulia ili akutane na nyoka kwanza. Barabara ya Kashikishi ina lami na nyoka hajawahi kuonekana hapo, lakini Mwamba aliendelea kutangulia.

"Nitaona," alisema. Katika nyumba ile, neno hilo maana yake ni hapana, na wote wawili walijua.

"Ona," Angèle alijibu kwa upole uliomtisha. "Ukikatala, sitalia. Nitaenda kukaa na bajane. Mais safari hii nitavaa nyeusi."

Akarudi kwenye vitumbua vyake. Mwamba alibaki na sindano mkononi. Yeye ni fundi wa majina, na fundi huijua kazi hata kabla haijaanza. Mwanamke mwenye mume aende kanisani na nguo nyeusi, akae kwenye benchi la wajane, mbele ya Wakashikishi wote? Kabla sahani hazijatoka yeye Mwamba angekuwa anaitwa Marehemu. Angeitwa hivyo mpaka siku atakapokuwa marehemu kweli, na hapo pia watu wangecheka.

Na tuseme ukweli, hakuogopa jina tu. Alimwona mkewe amebeba sahani za wengine, na picha hiyo haikumwacha alale usiku ule na uliofuata. Alimpenda Angèle. Ni vile tu hakuwahi kujua neno hilo mtu hulishika kwa mkono gani.

Jumamosi alfajiri alimuaga mkewe, akasema anakwenda matanga upande wa Mofwe, atarudi kabla ya saa nane. Angèle hakuuliza aliyekufa ni nani. Alikuwa amekwisha tundika nguo mbili ukutani, nyekundu na nyeusi, zote zimepigwa pasi.

Mwamba alipanda baiskeli, akafungia nyuma gunia tupu na mfuko wa karanga, akashika njia.

Hakukuwa na matanga. Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, Thandiwe, mama aliyepanda mawaridi mbele ya nyumba yake, mwendo wa muda wa saa nne kwa baiskeli. Mwamba alimchagua kwa sababu moja tu: huko hakuna aliyemjua. Kiswahili cha mwalimu kilikuwa cha kununulia samaki na hakikwenda mbali zaidi ya bei, kwa hiyo walizungumza Kibemba. Mwalimu alimwuliza anataka mangapi. Mwamba hakujua maua huhesabiwaje. Akasema kumi na mawili, kama mayai.

Mwalimu alikata kumi na mawili, akayafunga mashina kwa kitambaa kilicholowa, akamwonya asiyaache yakauke njiani. Akamwuliza pia mke ana jina gani. Mwamba alilitaja jina la Angèle na kusikia masikio yanawaka moto, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili. Alimlipa kwa karanga, akaaga haraka.

Nyuma ya kichaka cha kwanza akasimamisha baiskeli. Sasa angepitaje Kashikishi na haya mekundu yote? Barabara inapita bandarini, na bandarini wanakaa wale aliowapa majina, wote, wanashona nyavu, wanangoja. Akalifungua gunia. Lilikuwa gunia lake la kubebea chisense wakavu, wale dagaa wadogo wa ziwani, na harufu yake ilikuwa imeingia mpaka kwenye nyuzi. Akayalaza maua ndani, akayanyunyizia maji ya chupa, akafunga mdomo kwa kamba mafundo matatu. Hakuna anayemwuliza mtu wa ziwani kwa nini amebeba gunia.

Akapanda, akapiga mluzi. Hakukumbuka jambo ambalo hata mtoto wa Nchelenge halisahau, kwamba hiyo ni Februari.

Kizuizi kilikuwa mti uliolazwa juu ya mapipa mawili, pale mji unapoanzia. Wakati ziwa limefungwa, kila gari na kila baiskeli husimama hapo na mizigo hukaguliwa. Aliyesimamia siku hiyo alikuwa Nsama, askari wa samaki, mwanamke mrefu mwenye kitabu. Kamati ya kijiji ilimpa wasaidizi wanne. Mmoja wao alikuwa Chibwe.

Chibwe alimtazama Mwamba. Akatazama gunia. Tone moja lilianguka kutoka kwenye gunia, likalowesha lami, na la pili likafuata.

"Mwamba," alisema taratibu, kwa Kiswahili chake cha biashara, ambamo gunia ni saka. "Nini iko mu saka?"

"Mihogo."

"Mihogo inatoka mayi?"

"Ya kuloweka."

Chibwe aliinama, akanusa. Hakuwa na haraka. Alikuwa amengoja miaka miwili.

"Hii mihogo inanuka chisense. Fungula."

"Sifungule."

Mwamba mwenyewe alishangaa kusikia alivyolitamka. Nsama alikuja na kitabu chake. Alimwita mukwai, kwa heshima zote, akamweleza kwa Kibemba kwamba sheria ni fupi. Mwenye mzigo anafungua mwenyewe, au yeye na mzigo wake wanapelekwa polisi. Na kwa kuwa leo ni Jumamosi, mkubwa wa kumsikiliza anarudi Jumatatu.

Mwamba alifanya hesabu kichwani. Mwizi wa samaki, hilo watu wa ziwani husamehe. Nusu yao wamekula samaki wa Februari gizani na kutupa miiba kwa jirani. Mtu akikamatwa na samaki hupewa pole, na wengine humwona shujaa kidogo. Lakini Mwamba na maua, Mwamba yule yule? Akashika kamba ya gunia kwa mikono miwili.

Watu walianza kujaa. Mmoja alikisia kilo kumi. Mwingine akasema kwa jinsi anavyong'ang'ania, si chini ya ishirini. Mama mmoja alisogea karibu akamnong'oneza kama anaweza kumtolea wawili wakubwa kabla hawajaandika.

"Mama, haina samaki," Mwamba alimnong'oneza.

"Najua, papa," alisema yule mama kwa huruma. "Haina samaki kabisa. Bei gani?"

Stéphanie, jirani yao, alikuwa pale, na Stéphanie hana miguu ya kukaa na habari. Alikimbia mpaka akamkuta Angèle anasukwa. Robo saa baadaye Angèle alitokea barabarani, upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande wa pili nywele zimesimama hewani, na watu wakampisha.

"Papa Sagesse. Matanga ilikuwa namuna gani?"

Mwamba alikaza kamba ya gunia.

"Nani alikufaka? Samaki?"

Kicheko kilipita katikati ya watu. Mwamba akamwomba kwa macho asogee, akainama sikioni mwake, akasema maneno machache. Watu walinyoosha shingo bure. Waliona tu kwamba Angèle alifumba macho kidogo, akauma mdomo wa chini, na alipoyafumbua yalikuwa yanang'aa. Mwamba alishusha pumzi. Alidhani ameokoka, kwamba sasa mkewe atamtafutia uongo mzuri, maana wanawake wa soko hawakosi.

Angèle alimgeukia Nsama.

"Mama, mumupeleke."

"Mama Sagesse," Mwamba alisema.

"Bwana yangu ananiambia bintu biko mu saka ni byangu. Miye sijue. Kintu ya kufichwa haina yangu. Kama ni samaki, ni yake. Mumupeleke tu, Jumatatu nitamuletea chakula."

Kisha akamkaribia, akashusha sauti mpaka ikawa ya watu wawili. Hakuwa anatania tena.

"Hapa kwiko batu makumi tatu. Ku kanisa batakuwa mia mbili. Kama unaona haya hapa, kule utanipa namuna gani?"

Mwamba alitazama chini.

"Saa nane imepita. Saa kumi banaanza. Nguo yote mbili iko ku ukuta. Uniambie nivae gani."

Mwamba alizitazama zile nywele zilizosimama upande mmoja. Angèle alikuwa amekimbia barabara nzima hivyo, mchana kweupe, kwa ajili yake, na hakuwa amejifunika hata kitambaa. Haya ilikuwa imemshika yeye Mwamba, mwenye kofia.

Akaanza kufungua. Mafundo matatu yaliyolowa hayafunguki upesi, ikabidi atumie meno. Akaingiza mkono, akayatoa yote kwa pamoja na kitambaa chake.

Yalikuwa mekundu sana. Machache yalikuwa yamepoteza petali njiani, na yote yalinuka chisense. Yule mama wa kununua wawili wakubwa alisema polepole, "Eh, papa," akarudi nyuma.

Wote wakamtazama Chibwe. Ilikuwa zamu yake na kila mtu alijua. Mwamba alisimama wima kungoja, maana kama kuna mtu alistahili kusema lolote siku hiyo, ni Chibwe.

Chibwe aliyatazama maua, moja moja.

"Kumi na mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Miye nilinunuaka moja."

"Ndiyo."

"Lakini yangu nilibeba mu mukono."

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka. Mwamba hakukisikia vizuri, kwa sababu neno lile lilikuwa limeshaingia. Ua la Chibwe lilipita bandari nzima mchana, mkononi, na mwenye kulibeba hakuwa ameona haya mpaka alipofundishwa.

"Ni kweli," Mwamba alisema. "Chibwe, ni kweli. Unisamehe ile jina."

"Ile jina ilishazoea," Chibwe alijibu. "Lakini sasa itapata ndugu."

Nsama alikuwa amefungua kitabu na kalamu imesimama. Kulikuwa na safu ya aina ya samaki, safu ya uzito, safu ya nyavu. Safu ya maua haikuwepo. Akaandika gunia moja, samaki hakuna. Halafu akakohoa, akasema kwamba hata hivyo, mzigo uliofichwa kizuizini lazima uache ushahidi.

Watu walitabasamu, maana ushahidi wanaujua. Samaki wa ushahidi hupelekwa ofisini asubuhi, na jioni ofisi nzima inanuka kitunguu. Nsama alichagua ua moja, akaliangalia, akalichomeka nyuma ya sikio chini ya kofia ya kazi. Alionekana msichana ghafla.

"Na kamati," alisema Chibwe, akachukua lake. "Bibi yangu anangoja."

Wasaidizi watatu nao walikuwa kamati. Kisha dereva mmoja wa lori aliyekuwa amesimamishwa akasema kwamba yeye ni shahidi, na shahidi bila ushahidi ni nini? Akapewa. Bwana yake Stéphanie akasukumwa na mkewe mwenyewe aende akaombe. Mwamba, aliyeendesha baiskeli muda wa saa nne kwenda na saa nne kurudi, alijikuta anagawa maua kwa wanaume wa Kashikishi, na kila aliyepokea alitazama pembeni, akakificha kitu hicho chekundu kwenye shati. Mwamba alimkazia macho mmoja mmoja.

"Mu mukono," aliwaambia. "Toa. Mubebe mu mukono."

Nao wakayatoa.

Lilipobaki moja, Angèle aliweka kiganja juu yake.

"Hii haina ya ushahidi," alisema.

Saa tisa na nusu walitoka nyumbani. Angèle alikuwa amevaa nyekundu, kichwa kimemalizika pande zote mbili. Mwamba alikuwa na suti ya harusi ya Sagesse, na ua mkononi.

Walipofika kwenye kona ya kinu cha unga, Mwamba alihisi kimya nyuma yake. Akageuka. Alikuwa ametangulia hatua ishirini. Hakukusudia, miguu ilikwenda kwa mazoea yake. Angèle alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono imekaa kwenye kibeti, na wala hakuwa na nia ya kupiga hatua hata moja. Wanawake wa kinuni walikuwa wameacha kupepeta.

Mwamba alirudi. Hatua ishirini za kurudi ni nyingi kuliko ishirini za kwenda, hasa mbele ya wanawake wenye ungo mikononi.

"Nyoka ulikuta?" Angèle aliuliza.

"Hakuna."

"Basi twende."

Wakaenda pamoja. Mwanzoni Mwamba hakujua mwendo wake, alikuwa anarefusha na kufupisha, mpaka Angèle akamshika mkono kumtuliza. Pale bandarini wanaume waliinua vichwa kutoka kwenye nyavu.

"Bwana Saka!" mmoja aliita, na jina likaruka kutoka mtumbwi hadi mtumbwi.

Kama fundi, Mwamba alikubali moyoni kwamba ni jina zuri, fupi, na halitabanduka. Alitafuta neno la kujibu na akalipata, kali. Lakini kulisema ilibidi asimame, na Angèle hakuwa anasimama. Akainua mkono wenye ua, akapita.

Kanisani zamu yao ilipofika, alimpa mbele ya watu mia mbili. Alikuwa ametayarisha maneno. Yalipotea yote, akabaki na "Mama Sagesse, ni ya weye." Angèle alilipeleka puani, akavuta pumzi ndefu, na kanisa likangoja.

"Inanuka chisense," alitangaza. "Inanuka bwana yangu."

Walicheka mpaka mchungaji akapiga meza. Angèle hakucheka. Alilishika ua kwa mikono yote miwili na machozi yakamshuka, akayaacha yashuke. Mwamba alimvutia kiti, jambo ambalo hajawahi kumfanyia, akakisukuma karibu mno hata magoti ya mkewe yakagonga meza.

Chakula kikaja. Kwenye benchi la mlangoni wajane waliinuka, kama kila mwaka, wakashika sahani. Wa mbele alikuwa bibi Mumba, mzee kuliko wote, mikono inatetemeka, mchuzi unapanda ukingoni. Ndiye aliyempa Angèle pole mwaka uliopita. Mwamba alimwona mkewe anavyomtazama, na akaona mkewe hawezi kuanza kula.

Akainuka. Akavua koti la suti, akalitundika kwenye kiti, akamwendea bibi Mumba na kumtoa sahani mikononi.

"Mama, ukaye," alimwambia. "Ukaye kule, ku fasi yangu."

Bibi Mumba alikaa kando ya Angèle. Mwamba akaanza meza ya kwanza, sahani tatu kwa mkono mmoja, kama wavuvi wanavyobeba. Aligawa ya pili na ya tatu. Wanaume walimtazama bila kujua pa kuweka macho yao.

"Bwana Saka," Chibwe aliita kutoka meza ya nyuma, ameketi na mkewe mwenye ua kichwani. "Huku bado."

Mwamba akaenda.